Sura ya 6: Je, Kupunguza Sauti Ndani ya Kompyuta Kunaiharibu?

Kila aliyewahi kuunganisha kompyuta yake na runinga kwa waya wa HDMI, au na amplifaya kwa ule waya mwembamba unaopitisha mwanga badala ya umeme, yamkini amekutana na jambo la kutatiza: vitufe vya sauti vilivyokuwa vikitii siku zote ghafla havitii tena, na muziki hutoka kwa ukubwa mmoja tu, hata mwenye kompyuta avibonyeze mara ngapi. Akimwendea jirani ajuaye mambo hayo, huambiwa kuwa ipo programu ya kumrudishia uwezo wa kupunguza. Lakini akimwendea mwingine, mpenzi wa muziki mwenye spika za thamani, huonywa kwa mkazo asithubutu kupunguza sauti kwa programu, kwani kufanya hivyo, kwa kauli yake, ni kuila sauti yenyewe.

Basi anayeuliza hubaki na maswali mawili: kwa nini vitufe vinagoma, na je, onyo lile ni la kweli? Jibu langu ni kwamba mwenye kuonya ana haki katika asili ya jambo, ila mashine za leo zimeipunguzia uzito hoja yake kwa kiasi kikubwa; na ili msomaji asiniamini kwa kuwa nimesema tu, yafaa tuifuate sauti tangu inapogeuzwa kuwa tarakimu hadi inaporudi kuwa mtikisiko wa hewa chumbani.

## Sauti inapogeuka kuwa hesabu

Sauti ni mtikisiko wa hewa, na kompyuta haijui hewa, inajua tarakimu. Kwa hiyo wakati wa kurekodi, mashine huupima mtikisiko ule mara nyingi mno katika kila sekunde na kuandika tarakimu moja kwa kila kipimo, na kila kipimo cha namna hiyo huitwa sampuli. Katika diski ya CD, iliyotolewa na Sony na Philips na kuanza kuuzwa Japani mwaka 1982, sampuli huchukuliwa mara 44,100 kwa sekunde, tena kwa sikio la kulia na la kushoto mbalimbali, hata sekunde moja ya wimbo ikawa na tarakimu 88,200.

Kila tarakimu nayo ina mipaka yake. Mipaka hiyo huwekwa na biti, yaani zile nafasi ambazo kila moja hubeba ama sifuri ama moja. Sampuli ya CD ina biti 16, na biti 16 huweza kupangwa kwa namna 65,536 tu. Kwa hiyo tarakimu ya chini kabisa ni hasi 32,768 na ya juu kabisa ni 32,767, wala hakuna kitu baina ya tarakimu moja na inayofuata. Neno hili la mwisho msomaji alishike barabara, maana humo ndimo ilimo asili ya mgogoro wote.

## Kupunguza ni kuzidisha

Katika redio ya zamani, mwenye kuzungusha kitufe cha sauti alikuwa akiubana umeme usipite wote. Katika kompyuta hakuna cha kubana. Programu inapotakiwa kupunguza sauti huichukua kila sampuli, moja baada ya moja, na kuizidisha kwa tarakimu iliyo ndogo kuliko moja: ikizidisha kwa 0.5, kila sampuli huwa nusu ya ilivyokuwa. Ikizidisha kwa 0.1, huwa sehemu moja ya kumi. Kazi hiyo hufanywa mara 88,200 kwa sekunde, na kwa mashine za zama hizi ni kazi sahali.

Natija yake huonekana tukichukua mfano. Tuseme sampuli fulani ni 12,345, nasi tunataka moja ya kumi. Jibu ni 1,234.5. Lakini tumekwisha kusema kuwa baina ya 1,234 na 1,235 hakuna kitu. Kwa hiyo mashine hulazimika kuchagua moja kati ya hizo mbili, na ile nusu hutupwa. Hapo sauti imekwisha kupotoka kidogo, ingawa kwa kiasi ambacho hakuna sikio litakalotanabahi.

Sasa tupunguze zaidi, hadi sehemu moja ya elfu, kama afanyavyo mtu asikilizaye usiku wa manane ilhali wengine wamelala. Ile sampuli kubwa kuliko zote, 32,767, inakuwa 33, na wimbo mzima uliokuwa umetandazwa juu ya daraja 65,536 sasa umebanwa katika daraja 67. Sampuli ndogo yenye thamani ya 400, ambayo pengine ilikuwa ni mwangwi wa mwisho wa ganuni ukififia, inakuwa 0.4, mashine huikadiria kuwa sifuri, na ule mwangwi hautokuwapo tena. Amplifaya ikikuzwa baadaye, itakuza vile vilivyosalia, wala haiwezi kuurejesha uliofutika.

Mwenye duka ambaye jiwe dogo kabisa la mizani yake ni la robo kilo hapati taksiri akipima gunia la mchele, kwani robo kilo katika gunia si kitu. Lakini akitaka kupima karafuu za kujaza kiganja, mizani ile ile humhini yeye au mnunuzi. Vivyo hivyo kosa la kukadiria halikui sauti inapopunguzwa. Linalopungua ni sauti, na kosa lililokuwa dogo mbele ya sauti kubwa huwa kubwa mbele ya sauti ndogo. Tena ni kosa lenye tabia mbaya, maana huifuata sauti yenyewe na kuikwaruza, hususan katika sehemu za upole, na mkwaruzo wa namna hiyo huliudhi sikio kuliko mvumo wa kawaida ulio sawasawa.

Kwa ufupi, hadi hapa: onyo la mpenzi wa muziki si uzushi. Programu ikipokea biti 16, ikazidisha, kisha ikatoa biti 16 zile zile bila hadhari yoyote, kila inapopunguza sauti hadi nusu hupoteza takriban biti moja ya undani wake.

## Tiba ya kwanza: nafasi kubwa zaidi

Mafundi hawakuliacha jambo hili lilivyo. Tiba yao ya kwanza ilikuwa ni kuipa hesabu uwanja mpana kuliko ule iliotoka nao, na vifaa vingi vya leo vya kugeuza tarakimu kuwa umeme, ambavyo hapa nitaviita vigeuzi, hupokea sampuli za biti 24 badala ya 16. Tofauti ya biti 8 yaweza kuonekana haba, lakini kila biti inayoongezwa huzidisha daraja mara mbili, hata biti 24 zikawa na daraja 16,777,216. Yaani kila daraja moja la CD limegawanywa vipande 256.

Turudie mifano yetu. Sampuli 12,345 ikiingizwa katika uwanja wa biti 24 huzidishwa kwanza kwa 256 na kuwa 3,160,320. Sehemu yake ya kumi ni 316,032 kamili, bila baki lolote. Ile 400 iliyofutika usiku wa manane sasa huanza ikiwa 102,400, na sehemu yake ya elfu ni 102.4, mashine huandika 102, na kilichotupwa ni kidogo hata kisistahili kutajwa. Ule mwangwi umepona.

Fauka ya hayo, ndani ya kompyuta yenyewe hesabu aghalabu haifanywi kwa tarakimu nzima. Windows tangu Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, na mfumo wa kompyuta za Apple, huchanganya sauti kwa tarakimu za biti 32 ambazo nukta yake ya desimali huweza kuhama, almuradi tarakimu ndogo iandikwe kwa ukamilifu ule ule wa tarakimu kubwa. Katika hesabu ya namna hiyo mtu aweza kuipunguza sauti mara elfu, kisha akaikuza mara elfu, na ikarudi karibu sawa na ilivyokuwa. Kosa la kukadiria hutokea mara moja tu, mwishoni kabisa, sampuli zinapoandikwa upya kwa ajili ya kigeuzi.

## Tiba ya pili: mvurugo wa makusudi

Tiba ya pili ni ya ajabu zaidi, nami naiona kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika ilimu hii. Inaitwa ditha. Kabla ya kukadiria, programu huongeza katika kila sampuli tarakimu ndogo mno ya kubahatisha, baina ya hasi nusu na nusu, mara hii na mara ile bila ya mpango.

Msomaji atauliza, na ana haki: itakuwaje kuongeza uchafu kuitakase sauti? Tuitazame tena ile sampuli iliyokuwa 0.4. Bila ditha, kila itokeapo hukadiriwa kuwa sifuri, na hiyo ndiyo mauti yake. Lakini ikiongezewa tarakimu ya kubahatisha, mara nyingine huvuka nusu na kuandikwa moja, mara nyingine haivuki na kuandikwa sifuri. Na katika kila mara 100, huandikwa moja takriban mara 40. Wastani wake, basi, ni 0.4 hasa. Sauti iliyokuwa ndogo kuliko daraja dogo kabisa imeendelea kuwapo, ikiwa imefunikwa na mvumo hafifu unaofanana na mvua ya mbali, na sikio la binadamu lina kipawa cha kuisikia sauti ndani ya mvumo wa aina hiyo. Mkwaruzo umebadilishwa kuwa mvumo, na biashara hiyo ina faida. Stanley Lipshitz na John Vanderkooy, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Waterloo huko Kanada, ni miongoni mwa walioifafanua hesabu yake kwa upande wa sauti katika miaka ya 1980.

Programu iliyo na tiba zote mbili haina cha kulaumiwa. Nami nathubutu kusema kuwa mvumo wa amplifaya na kelele za barabarani zitakuwa zimelifikia sikio muda mrefu kabla ya kosa lolote la hesabu hiyo.

## Kwa nini vitufe hugoma

Sasa turudi kwa yule mtu na runinga yake. Sauti inapotoka kwa tundu la kawaida la spika za masikioni, kigeuzi kimo ndani ya kompyuta, na aghalabu pamoja nacho kimo kifaa cha kupunguza. Vitufe hukiamuru kifaa hicho, nacho hutii. Lakini waya wa HDMI, pamoja na ule waya wa mwanga utumiao mfumo wa S/PDIF uliobuniwa na Sony na Philips, hupeleka tarakimu zenyewe. Kigeuzi kimehamia ng'ambo ya pili, ndani ya runinga au amplifaya, na upande wa kompyuta hapana kifaa kilichobaki cha kuamuru. Vitufe havikuharibika, vimekosa pa kushika.

Hapo ndipo mifumo inapohitilafiana, na hitilafu yao ndiyo iletayo mashaka mengi kwa watu:

- Windows, isipokuta kifaa cha kupunguza, huifanya kazi hiyo yenyewe kwa kuzidisha, na mtumiaji hata hajui kuwa kuna kilichobadilika.
- Kompyuta za Apple, mara nyingi zinapounganishwa na runinga kwa HDMI, hukifanya kitelezi cha sauti, yaani kile kijiti cha kuvuta kwenye kioo, kuwa cha kijivu kisichogusika, na kumwachia mtu rimoti ya runinga.
- Linux, katika tabaka lake la chini liitwalo ALSA, huonyesha vile tu ambavyo kadi ya sauti inavyo. Kama kadi haina cha kupunguza, kitelezi hakipo. PulseAudio na PipeWire, zinazokaa juu ya tabaka hilo, hufanya zenyewe kazi ya kuzidisha.

Asiyetumia mojawapo ya hizo mbili za juu, na wapo wengi wenye vikompyuta vidogo vya kuchezea muziki tu, ALSA imemwekea kipande kiitwacho softvol. Mtu huandika mistari michache katika faili la mipangilio, akataja kadi ipi ndiyo inayopelekewa sauti na jina gani litaonekana kwenye kitelezi kipya; naye asiposema vinginevyo, kitelezi hicho huwa na ngazi 256, kikianzia desibeli 51 chini ya ukubwa kamili. Jambo moja huwakatisha tamaa wengi: kitelezi hicho hakijitokezi mpaka programu fulani iwe imepiga sauti kupitia njia hiyo angalau mara moja. Mtu huandika kila kitu sawasawa, akafungua orodha, asikione, akafuta kazi yake yote. Na apige wimbo kwanza, kisha atazame.

Binafsi naona njia ya Windows ndiyo inayomfaa mtumiaji wa kawaida. Zipo hoja za kutaka tarakimu zipite bila kuguswa, nazo si hoja dhaifu, lakini mtu asiyeweza kupunguza sauti mtoto anapolala hana haja na tarakimu safi.

## Nusu isiyo nusu

Nimetaja desibeli, na haifai kulipita jina hilo bila kulifasiri. Ni kipimo kilichozaliwa miongoni mwa mafundi wa simu wa Marekani katika miaka ya 1920, kikapewa jina la Alexander Graham Bell, nacho hakipimi kiasi cha kitu bali uwiano wa kitu kimoja na kingine. Kuzigawa sampuli nusu ni kushuka takriban desibeli 6. Kuzifanya sehemu ya kumi ni kushuka 20. Sehemu ya elfu ni 60.

Haja ya kipimo hiki ni kuwa sikio halihesabu kama mashine. Sampuli zikigawanywa nusu, msikilizaji huona sauti imepungua, lakini haoni kuwa ni nusu. Ili watu wengi wakiri kuwa sasa ni nusu, lazima ishuke kama desibeli 10. Kwa sababu hiyo, kitelezi kilichotengenezwa kwa kuzidisha moja kwa moja kina kasoro ambayo kila mtu ameiona bila kujua chanzo chake: kutoka juu hadi katikati karibu hapana tofauti, kisha katika sehemu ndogo ya chini sauti huporomoka ghafla. PulseAudio huiepuka kasoro hiyo kwa kuizidisha nafasi ya kitelezi kwa nafsi yake mara tatu. Kitelezi kikiwa 50 kwa mia, sampuli huzidishwa kwa 0.5 × 0.5 × 0.5, yaani 0.125, ambayo ni kushuka desibeli 18. Kwa hiyo asilimia 50 ya programu moja si asilimia 50 ya nyingine, na mwenye kuhama kutoka hii kwenda ile asishangae.

## Kuvuka mia

Programu kadhaa huruhusu kuvuka 100 kwa mia, maana yake kuzidisha kwa tarakimu iliyo kubwa kuliko moja. Hotuba iliyorekodiwa kwa simu kutoka safu ya nyuma, ambayo sampuli zake hazivuki 8,000, yaweza kuzidishwa mara nne ikafika 32,000 pasi na madhara, ingawa kelele zilizomo nazo hukua mara nne. Lakini wimbo wa leo, ambao aghalabu hurekodiwa ukigusa paa, hauna nafasi hiyo: sampuli ya 20,000 ikizidishwa mara mbili ingetaka kuwa 40,000, na kwa kuwa mpaka ni 32,767, hukatwa hapo. Vilele vyote vya wimbi huwa bapa, na huo ndio mpasuko tunaousikia kwenye sherehe nyingi. Anayetaka sauti zaidi na aitafute kwenye amplifaya.

## Pale ambapo haifai kuzidisha kabisa

Kuna hali moja ambayo onyo la kutogusa sauti kwa programu ni la lazima. Filamu nyingi hubeba sauti ya spika tano au zaidi ikiwa imefungwa kwa utaratibu kama Dolby Digital au DTS, na kompyuta huweza kuipeleka ikiwa bado imefungwa, amplifaya ikaifungue yenyewe. Tarakimu zipitazo katika waya wakati huo si sampuli. Ni maandishi ya siri yaliyovishwa sura ya sampuli. Programu ikizizidisha kwa 0.9, haikupunguza chochote: imeyafuta maandishi yale. Amplifaya hushindwa kuyatambua, ikanyamaza. Au, mbaya zaidi, huyadhania kuwa ni sampuli za kawaida na kutoa ngurumo kubwa ya fujo. Kwa sauti iliyofungwa, kupunguza kufanyike kwenye amplifaya peke yake.

## Mpangilio ninaoushauri

Kwa matumizi ya nyumbani, mpangilio huu hutosha:

1. Katika mipangilio ya sauti ya kompyuta, chagua biti 24 kwa kifaa cha kutolea sauti, kama vinakubali kifaa na waya.
2. Acha kitelezi cha kompyuta karibu na juu, lakini si zaidi ya 100 kwa mia, kisha pandisha amplifaya au runinga mpaka ifike ukubwa wa juu utakaouhitaji siku yoyote.
3. Tangu hapo punguza kwa kompyuta kila siku bila hofu.

Mpangilio huu una sababu mbili. Ya kwanza ni ya mvumo: kila amplifaya ina mvumo wake usiofuata kitelezi cha kompyuta, na aliyeshusha kompyuta hadi chini kisha akafungua amplifaya hadi mwisho atasikiliza mvumo ule pamoja na wimbo. Ya pili ni ya usalama, nami naiona kuwa nzito zaidi. Kupunguza kwa programu ni kazi ya programu, na zipo programu zinazoishika kadi ya sauti moja kwa moja na kuiruka njia yote iliyo na kitelezi; amplifaya ikiwa wazi kabisa wakati huo, sauti hutoka kwa nguvu zake zote bila ya indhari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mzima aweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila hatari, lakini ikifika 90, muda huo hushuka hadi saa 4. Na masikio yakishadhurika kwa kelele hayaponi. Kwa hiyo, kila ubadilishapo waya, kadi au programu, shusha amplifaya kwanza, piga wimbo, ndipo uipandishe polepole.